Karara na Theluji

Masika yakishakolea Kisarawe, watoto huacha kutembea wakaanza kuserereka. Udongo wa vilima vyetu hulowa ukalainika kama sabuni ya mche, na njia ya kisimani, ambayo kiangazi ni njia tu, hugeuka uwanja wa mchezo. Chombo chetu kilikuwa karara, lile ganda gumu linalofunika shada la maua ya mnazi. Likikauka huanguka chini likiwa na umbo la mtumbwi mdogo. Unakaa ndani, unakunja magoti, mwenzako anakusukuma mgongoni, na mlima unakuchukua. Mwisho wa mteremko palikuwa na shamba la mihogo la jirani. Tuliivunja mihogo ile, tukachapwa, tukarudi kesho yake na makarara mengine.

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo mgeni anaweza kuyachanganya. Kuteleza ni jambo linalokupata: umeweka mguu mahali, mahali pameukataa. Kuserereka kuna ridhaa ndani yake, umeukabidhi mwili kwenye mteremko na unajua, au unadhani unajua, utaishia wapi. Kati ya maneno hayo mawili ndimo mchezo wote ulimo, tangu karara la Kisarawe hadi mbao ndefu ambazo watu wa kaskazini huvaa miguuni.

Babu yangu alikuwa mkwezi. Minazi yake mingi ilikuwa imechongwa vidato, vile vikato vya kukanyagia, na nilipoanza shule nikasikia watu wanasema fulani yuko kidato cha kwanza na fulani cha nne, nilidhani kwamba huko shuleni nako watu wanakwea mnazi. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku alikuja mteja wa madafu, mtu wa mjini mwenye gari, na fedha akiwa ameshaishika mkononi. Babu alikwenda mpaka shinani, akaweka kiganja juu ya gome, akatazama juu kwa muda, akarudi kukaa barazani.

“Shikamoo Babu,” nilimwambia, kwa kuwa siku ile nilikuwa sijamwamkia. “Mbona hukwei?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mti umelowa.”

“Na mteja je?”

“Mnazi hauhami. Kesho tutaukuta pale pale.”

Mteja aliondoka bila madafu. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, na nilimwonea babu aibu, kwa sababu nilidhani ameogopa mbele ya mgeni. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, na safari ya kwenda nchi ambayo hakuna mnazi hata mmoja, kuelewa nilichokiona.

Kutoka Kisarawe nilihamia Kibaha kukaa na shangazi, karibu na Tumbi. Kibaha ni mji wa barabara. Malori ya Zambia na Kongo yanapita eneo la Maili Moja usiku na mchana, wauza korosho wanakimbizana na madirisha ya mabasi, na pembeni kidogo tu ya kelele hizo, pale Tumbi, kuna eneo kubwa lenye miti na nyumba za kale, lenye shule, hospitali na mashamba. Hilo ni Shirika la Elimu Kibaha. Wengi wanaopita hapo hawajui kwamba lilianza mwaka 1963 kama mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki: Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi. Kazi yake ilikuwa kupambana na wale maadui watatu tuliowakariri shuleni, ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1970 wageni walikabidhi kituo kwa serikali yetu.

Huwa nawafikiria watu wale wa kwanza. Kwa wengi wao, majira ya baridi mtoto huvalishwa skii akiwa bado mdogo sana, na ubao huo si chombo cha starehe peke yake, ni njia ya kwenda kwa jirani. Neno lenyewe katika lugha ya kale ya Norwe lilimaanisha kipande cha gogo lililopasuliwa. Sasa watu hao wameletwa Kibaha, kwenye mchanga na mikorosho, mwezi wa pili, jua la utosini. Sijui walizungumza nini jioni barazani, ila siamini kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumweleza mpishi au mwanafunzi wake jinsi kunavyokuwa kuteremka mlima mweupe. Na huyo aliyeelezwa angelishika jambo hilo kwa kitu gani? Labda kwa karara.

Lugha yetu, kwa kweli, ilikuwa tayari na maneno. Tuna theluji, tuliyoichukua kwa Waarabu, na tuna barafu, iliyotoka kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo ni theluji yenyewe inayoanguka kutoka mbinguni. Yote mawili yalikuja na bahari. Pwani yetu, isiyoona hata chembe moja ya kitu hicho, ilikuwa na majina yake mawili, wakati mlima wenye kitu chenyewe uko ndani ya nchi yetu. Kwa mtoto wa Kibaha barafu ni ile ya ubuyu au ya ukwaju, iliyogandishwa katika kifuko cha nailoni, inayong'atwa pembeni na kufyonzwa njiani kutoka shule.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile, aliambiwa kwamba ni baridi. Wasomi wa Ulaya, akiwemo William Desborough Cooley wa London, walimkatalia kabisa: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mimi jibu la yule kiongozi linanigusa kuliko ubishi wa London. Hakuwa na jina la kitu, akakitaja kwa kile kinachomfanyia mtu. Kila anayeanza mambo ya theluji hupitia hapo hapo, mwili unajua kabla ulimi haujapata neno.

Na skii zilifika juu ya mlima huo mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele chake kikuu, na kuteremka kwa skii. Hapakuwa na viti vya kamba vya kupandisha watu kama ilivyo leo katika milima ya starehe ya Ulaya. Hapakuwa na njia iliyosawazishwa na mashine, wala mtu wa kuwaokoa. Kipande cha barafu kilichobaki karibu na kilele bado kinaitwa kwa jina la Furtwängler. Miaka 23 kabla yake, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wamefika kileleni kwa mara ya kwanza inayojulikana katika maandishi, na Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza katika safari ile. Barafu haikupewa jina lake. Nadhani ingestahili.

Mchezo huu unaofanyika mbali na viti vya kamba na njia zilizotengenezwa, ambao naweza kuuita skii ya milima ya porini, ndio niliouanza nikiwa mtu mzima, nchini Norwe, nilipokwenda kusoma. Naandika kuhusu mwanzo tu, maana sikufika mbali, na mwanzo ndio wenye mambo.

Watu hudhani skii ni kuteremka. Siku yangu ya kwanza katika milima ya Jotunheimen tulipanda kwa muda wa saa nne na kuteremka kwa dakika chache. Unapanda kwa miguu yako ukiwa umevaa skii zenyewe. Chini ya kila ubao hubandikwa utepe mrefu wenye manyoya magumu yaliyolala kuelekea nyuma. Zamani ilikuwa ngozi ya sili, leo ni kitambaa cha kiwandani. Ukisukuma mbele unakwenda vizuri, ukitaka kurudi nyuma manyoya yanasimama na kung'ang'ania theluji, kama unavyompapasa paka kutoka mkiani kwenda kichwani. Kisigino cha kiatu huachwa huru ili uweze kupiga hatua. Ukifika juu unabandua utepe, unaukunja na kuuweka kifuani usigande, unafunga kisigino, na hapo ndipo ule ubao uliokuwa mguu wa kupandia unakuwa karara.

Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, hakutufundisha kuteremka siku ile. Alituchimbisha shimo. Akachukua sepetu, akakata ukuta wa theluji wima kutoka juu mpaka karibu na ardhi, akatuambia tupitishe vidole. Ulikuwa na matabaka kama mikate ya ufuta iliyopangwa. Juu, laini ya jana. Chini yake, ngumu iliyopigwa na upepo hadi ikakamatana. Chini zaidi, chenga chenga zisizoshikana, kama sukari iliyomwagika chini ya zulia, na vidole vilizama humo bila kikwazo. “Hapa,” alisema, akionyesha ile sukari, “ndipo watu hufa.”

Tabaka gumu likiwa limelala juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja, na mlima mzima ukaondoka na wewe. Poromoko la namna hiyo hutokea zaidi kwenye miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45, na huo kwa bahati mbaya ndio mwinamo unaopendeza kuteremka. Nikawaza paa la makuti, ambalo fundi analisimamisha namna ile maji yasikae. Ukiutazama mlima na ukaona paa la makuti, simama kwanza.

Nilipokuwa nasikiliza maelezo ya theluji mpya, theluji ya upepo, theluji iliyoyeyuka mchana ikaganda tena usiku, niliacha kuandika kwenye daftari, kwa sababu nilitambua kwamba elimu ya aina hii ninayo, ila ni ya kitu kingine. Mtu wa pwani hasemi nazi kwa kila kilichopo mnazini. Kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, kuna nazi yenyewe, kuna joya lisilofaa kitu. Ni tunda moja, lakini anayekosea hatua moja anapika mchuzi kwa koroma. Mkwezi hujua tofauti kwa kugonga na kusikiliza, bila kupasua. Theluji nayo ni hivyo hivyo. Ina umri wake, na anayeijua huigonga kwa fimbo na kusikiliza. Wakati mwingine hutoa mlio mzito kutoka chini, kama mtu aliyeshusha pumzi ndani ya ardhi, na ufa hukimbia mbele ya ubao wako. Ukisikia hivyo, umeshaambiwa.

Vifaa vya lazima ni vitatu, na hakuna anayeruhusiwa kutoka bila hivyo. Cha kwanza ni redio ndogo inayofungwa kifuani, inayotoa mawimbi muda wote ili aliyefukiwa atafutwe. Cha pili ni fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea kwenye theluji, na cha tatu ni sepetu. Nilishangaa nilipoelewa kwamba vyote vitatu havimsaidii anayevibeba akiwa peke yake. Vinahitaji mwenzake. Aliyefukiwa ana robo saa hivi, baada ya hapo matumaini hupungua kwa kasi, na helikopta haiwezi kufika katika robo saa. Anayekuokoa ni yule uliyetoka naye asubuhi. Kwa hiyo mwanzo wa mchezo huu ni kuchagua wenzako, na mwenzako bora ni yule anayeweza kukuambia “hapana” mbele ya watu na wewe usikasirike. Mwenye nguvu au mwenye mbio anakuja baadaye.

Siku ya tatu tulipanda kuelekea shingo ya mlima ambayo tuliipanga jioni kwenye ramani. Kulikuwa na jua, anga bluu, hakuna hata wingu. Usiku upepo ulikuwa umevuma na kurundika theluji upande ule ule tuliotaka kuteremkia. Mwalimu alisimama. Aliweka fimbo yake kwenye theluji, akaichomoa, akaiweka tena. Kisha akatazama juu kwa muda, na mimi nikamwona babu yangu.

“Tunarudi,” alisema.

Wenzangu wawili walinung'unika. Mmoja alikuwa amesafiri kutoka mbali kwa ajili ya siku ile. Mimi sikusema kitu, koo lilikuwa limenikaba. Wanorwe wana kanuni tisa za milimani ambazo kila mtoto huzisikia, na mojawapo inasema mtu ageuke mapema, na kwamba kugeuka si aibu. Mwalimu aliirudia kanuni hiyo njiani, kwa upole, kama anayesoma dua. Babu hakuwa na kanuni iliyoandikwa. Alikuwa na kiganja chake na gome la mnazi, na alikuwa amenifundisha neno lile lile mbele ya mteja mwenye fedha, na mimi nikamwonea aibu. Alikuwa ameshafariki siku ile niliporudi nyuma katika Jotunheimen. Nilitamani kumwamkia.

Wapo waliotutangulia Waafrika Mashariki katika theluji. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Kenya, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza skii za tambarare, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, alishiriki mbio za kilomita 10 akawa wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie alibaki mstarini akimsubiri, sherehe ya medali ikacheleweshwa, na Boit alipofika, Dæhlie alimkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Alirudi Olimpiki mwaka 2002 na tena 2006. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya huko Korea Kusini katika skii za kuteremka mlima. Watu humkumbuka Boit kwa lile kumbatio. Mimi namkumbuka kwa zile mara mbili alizorudi.

Niliporejea nyumbani nilikuwa na swali moja: mtu anaweza kuanza mchezo huu kwetu, juu ya Kibo? Nilipanda kwa njia ya Marangu kulitafuta jibu. Kituo cha kwanza, Mandara, kiko mita 2,720 hivi juu ya usawa wa bahari. Galdhøpiggen, mlima mrefu kuliko yote nchini Norwe, una mita 2,469. Yaani mpanda mlima wetu usiku wa kwanza, akiwa bado msituni kati ya miti na mbega, analala juu zaidi ya kilele cha nchi iliyoipa dunia neno skii. Horombo ni mita 3,720, kibanda cha Kibo ni 4,720 hivi, na kilele cha Uhuru ni 5,895. Huko juu kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni unayoipata Kibaha. Kichwa kinauma, chakula hakipiti, na viongozi wa mlima wanaimba “pole pole” nyuma yako kwa sababu anayeharakisha anashushwa kwenye machela. Wabeba mizigo, ambao mlimani huitwa wagumu, wanakupita na ndoo, mahema na mitungi ya gesi vichwani. Jina hilo wamelifanyia kazi.

Theluji ya Kibo haikai kama ya Norwe. Mlima uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Theluji huja na misimu yetu ile ile, masika na vuli, kutokana na mvuke wa Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayoleta mvua za Kisarawe. Wiki ile ile watoto wanapotafuta makarara, huko juu maji ya bahari yetu yanaanguka meupe. Kisha jua la ikweta huipiga, upepo mkavu huinywa, na siku chache baadaye mawe yako wazi. Atakaye kuteremka kwa skii hapo lazima awe juu katika siku hizo chache, wakati njia zina matope na mawingu yamefunika kila kitu, akiwa amebeba mbao zake na mapafu yake yameshazoea. Jibu la swali langu, basi, ni kwamba Kibo si mahali pa kuanzia. Anayetaka kuanza aanze mahali pa chini, penye mwalimu, penye theluji inayokaa msimu mzima na watu wa kumchimbua. Barani mwetu, Lesotho kuna mteremko wa skii katika milima ya Maluti, na Moroko kuna Oukaïmeden katika Atlasi. Kibo aje mwisho, au asije kabisa, na asione haya.

Lakini mlima ulikuwa na zawadi nyingine. Wakati wa kushuka kutoka juu kuelekea kibanda cha Kibo, njia hupita kwenye changarawe laini za volkeno, mamia ya mita za mteremko ulio wazi. Nilikuwa nimechoka na naogopa kuanguka, nakanyaga kwa vidole. Kiongozi wangu, kijana wa Marangu, alinishika mkono.

“Kaka, kanyaga kwa kisigino. Usishindane nayo. Iache ikubebe.”

Nikachimba kisigino. Changarawe ikaenda nami hatua moja, ikasimama. Kisigino cha pili, ikaenda tena. Baada ya hatua kumi mwili ulikumbuka, magoti yakalainika, mabega yakashuka, na tukawa tunaserereka wote wawili kwenye vumbi la asubuhi, yeye anacheka, mimi nalia kidogo nyuma ya miwani. Hapakuwa na ubao miguuni. Palikuwa na mteremko, na ridhaa yangu, na mtu aliyejua utaishia wapi.

Upande wa kushoto tulikuwa tumeiacha barafu. Ilisimama kama ukuta wa nyumba kubwa iliyobomolewa pande zote ukabaki ukuta mmoja. Mwaka ule ule wa 1912 skii zilipopita juu, Wajerumani wengine, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipima mlima huo kwa ajili ya ramani, na kutokana na kazi yao tunajua kwamba barafu ilienea karibu kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Sehemu yake huyeyuka, na sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja katika ule ukavu, bila hata kuwa maji, huku theluji mpya ikiwa haitoshi kuifidia. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ile ya Mlima Kenya zinatarajiwa kutoweka kufikia mwaka 2050.

Mtoto aliyezaliwa mwaka huu Tumbi wakati huo atakuwa hajafika hata miaka thelathini. Nimewauliza wanafunzi wengi wa Kibaha na Kisarawe wangapi wameuona mlima kwa macho. Uko kwenye nyimbo, na mwenge uliwashwa kileleni pake usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na Luteni Alexander Nyirenda. Mikono inayonyooshwa darasani ni michache, mara nyingi ni ya watoto wenye ndugu Moshi. Watalii wanaufahamu ukuta ule wa barafu kuliko watoto wetu. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Sisemi kila mtoto avae skii. Nasema elimu iliyomo katika mchezo ule, ya kugonga na kusikiliza, ya kumbeba mwenzako, ya kurudi huku mteja ameshika fedha mkononi, ilikuwa kwetu kabla ya Furtwängler, na mlima ni mahali pa kuikuta pamoja na kitu chenyewe kinachotoweka. Safari ya shule hadi lango la Marangu haihitaji kufika kileleni. Kutembea hadi Mandara ni kazi ya nusu siku kwa mtoto mwenye afya, na mbele kidogo ya hapo, kwenye kreta ya Maundi, hali ya hewa ikiwa safi Kibo inaonekana.

Kwa hiyo naomba. Walimu wa Kibaha na Kisarawe, na ninyi wazazi wenye uwezo wa kuchangia nauli, na wale waliosomea katika madarasa yaliyojengwa na watu wa theluji kule Tumbi: wapelekeni watoto, wiki moja baada ya masika kuanza kupungua, wakati juu bado ni kweupe. Nao wabebe karara moja wamwonyeshe kijana wa Marangu. Basi la Moshi hupita Maili Moja kila asubuhi.